Ya Jikoni Haihesabiwi

Hollis Creek, Tennessee
Alhamisi, 25 Septemba

Kwako Darla,

Hujambo? Curtis hajambo, au bado yuko barabarani na lori lake? Mimi mwili ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua kila ukungu ukishuka, lakini si goti lililoninyima usingizi jana. Unalijua lililoninyima, maana ulikuwa umekaa nyuma yangu kanisani umeinamisha kichwa kana kwamba unaomba.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatiana, na nikija kwako nitasema maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Barua haikatiki. Lonnie wa posta ameiona bahasha ikiwa bado tupu, na jina lako juu yake, akanitazama mimi, akaniuliza kama gari langu limeharibika, maana nyumba yako anaiona akiwa kwenye sanduku langu la barua. Nikamwambia afanye kazi anayolipwa.

Sasa tuje kwenye jambo. Mchungaji aliuliza, kama ilivyo desturi ya Jumatano, nani ana haja ya kuombewa. Bibi Eula akaitaja nyonga yake. Dwight akataja mvua. Halafu Josie wako, mjukuu wangu wa miaka sita, akapanda juu ya benchi, na viatu vyake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye piano:

"Naomba tumwombee babu yangu Vernon. Ana bunduki yenye risasi nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimwambia, akasema nikachukue biskuti."

Nikaombewa, Darla. Kwa jina. Mimi Vernon Stiltner, ambaye kila kijana wa wilaya hii anayetaka kibali cha kuwinda lazima apite mikononi mwangu kwanza. Sherifu mwenyewe nilimfundisha mimi pa kuweka kidole. Na jana watu wale wale wamefumba macho wakimsihi Mungu anisaidie, na Dwight mabega yanamcheza kwa kicheko.

Umenivua nguo mbele ya watu. Usiniambie ni mtoto. Mtoto hakuyaokota barabarani maneno yale, aliyatoa darasani kwako.

Nakwambia mambo mawili na sitayarudia. La kwanza, bunduki ya jikoni inakaa ilipo. La pili, Josie anakuja kwangu ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu kama kawaida. Nilimwahidi kwamba mwaka huu atakaa nami kwenye jukwaa la kuwindia juu ya mti, na fulana yake ya uwindaji ya rangi ya chungwa nimeshainunua. Usiniharibie.

Wako,
Baba yako


Jumapili, 28 Septemba

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Curtis anarudi kesho akijaliwa, yuko Ohio. Josie hajambo na anauliza kila asubuhi kama maombi yamefanya kazi. Pole kwa goti. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea haitibu ikiwa kwenye chupa.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Sasa nimekaa, kwa hiyo nitajibu kwa adabu.

Sheria hii ya kuwafundisha watoto wadogo usalama wa bunduki mashuleni hukuletewa na mimi. Ilipopita ulikuwa kwenye duka la chakula cha mifugo, na aliyeniambia kwamba ulipiga makofi ni wewe mwenyewe. Ulisema sasa hatimaye shule zitafundisha kitu cha maana. Ulifikiri watafundishwa watoto wa nani, Baba? Wa New York?

Basi nimefundisha. Nimepewa katuni ya kindi aliyevaa kofia, na kindi anasema maneno manne: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Hayo tu. Wanafunzi wangu wa darasa la kwanza wanayaimba hadi chooni. Josie aliona bunduki. Akasimama. Hakugusa. Akaondoka. Akamwambia mtu mzima, na mtu mzima akampa biskuti. Kwa hiyo akaenda kutafuta watu wazima wengine, na hapa kwetu wanapatikana kwa wingi Jumatano jioni.

Sikumtuma. Lakini nakwambia ukweli, aliposimama pale nilijivunia.

Bunduki zako zote nyingine ziko kwenye kabati la chuma chumbani na unazifunga vizuri kuliko benki. Hiyo moja tu. Siku utakayoiweka na wenzake nitamleta Josie mwenyewe, na nguo za kulalia. Kabla ya hapo hakanyagi jikoni kwako, hata kwa nusu saa, hata siku ya ufunguzi. Fulana iweke vizuri.

Nisamehe kama nimekukosea heshima. Kwenye jambo lenyewe sirudi nyuma.

Mwanao,
Darla


Ijumaa, 3 Oktoba

Darla,

Nimezipata salamu. Dawa nimejipaka, inanuka.

Hebu nikuulize. Nani alimchagua kindi? Kati ya wanyama wote alioumba Mungu, wamemchukua yule tunayemkaanga na kumla na rojo asubuhi, ndiye aje kuwafundisha watoto wa Hollis Creek habari za bunduki. Mwenyewe angekuwa anajua kuikwepa asingefika kwenye kikaango. Nimewaeleza wenzangu dukani, tumecheka hadi Dwight akakaa chini.

Sasa kwa uzito. Hiyo unayoiita "moja tu" siyo bunduki kama zile za chumbani. Zile ni za kuwindia. Hii ni ya jikoni. Kila nyumba ya bonde hili ina ya jikoni, na mtu akikuuliza una bunduki ngapi, unamtajia zile nyingine. Ya jikoni haihesabiwi, kama usivyohesabu ufagio. Iko pale kwa sababu nyoka hakupigii simu kabla ya kuja kwenye ngazi. Mbweha nao hivyo hivyo. Ng'ombe wangu wanazaa Novemba, na wewe umekulia hapa, unajua mbweha anachukua muda gani kumtoa ndama tumboni kwa mama yake na kumaliza kazi. Nikianza kutafuta ufunguo, halafu risasi, halafu miwani ya kuonea ufunguo na risasi, nitatoka nje kuzika mifupa.

Bunduki iliyofungiwa ni fimbo. Na fimbo ninayo.

Wewe umekua na bunduki ile ile, mlango ule ule. Uliigusa lini? Hukuigusa. Kwa sababu ulikuwa na baba aliyekufundisha, siyo kindi.

Mlete mtoto. Ninamkumbuka na sioni aibu kusema. Nyumba tangu mama yako afariki ina sauti moja tu, ya friji.

Baba yako


Jumatatu, 6 Oktoba

Shikamoo Baba,

Curtis amerudi salama, anakusalimu na anasema yeye hayumo. Josie ana mafua kidogo lakini anakula.

Hayo ya friji yameniuma. Nimelia, nikanawa uso, halafu nikaona nikujibu kabla moyo haujalainika zaidi.

Umeuliza kwa nini sikuigusa. Sikuigusa kwa sababu nilikuogopa, Baba. Mkanda wako ulikuwa kwenye msumari karibu na bunduki, na mkanda ndio niliokuwa nautazama. Josie hakuogopi hata kidogo. Anakupanda mgongoni, anakuvuta masharubu. Unapenda iwe hivyo na mimi napenda iwe hivyo. Basi mtoto asiyekuogopa hawezi kulindwa na woga.

Nina habari nyingine na nataka uisikie kwangu kabla ya dukani. Baada ya somo niliwapelekea wazazi karatasi fupi. Niliandika kwamba watoto wamejifunza sehemu yao, na sehemu ya mzazi ni kufuli. Mstari mmoja na salamu. Simu ya shule haikupumzika siku tatu. Mmoja alisema nawafanya watoto wapelelezi. Mwingine aliuliza kama nimetumwa na Washington, mimi niliyefundishwa kuogelea kwenye kijito hiki hiki na mke wake.

Bi Hatcher, mwalimu mkuu, aliniita akafunga mlango. Akaniambia kazi yangu ni kindi, mambo ya majumbani mwa watu siyo yangu. Bodi ya shule inataka nisaini kwamba sitayagusa tena. Nikamwuliza mtoto akifuata maneno manne yote na mtu mzima asifanye kitu, tumemfundisha nini. Akasema hilo halimo kwenye mwongozo. Nikamwambia basi mwongozo umepungua, na mimi sisaini.

Kwa hiyo nimenyang'anywa somo. Wanatafuta mtu mwingine wa kuwamalizia watoto, mtu anayeheshimiwa na wazazi. Nakuomba, Baba. Wakija kwako, kataa.

Mwanao,
Darla


Jumatano, 15 Oktoba

Kwako Darla,

Hujambo na mafua ya mtoto yameisha? Mimi leo ni mzima kuliko wiki zote.

Wamekuja. Bi Hatcher mwenyewe, na keki ya malenge. Amesema mwalimu wa usalama wa bunduki anayejulikana wilaya nzima ni mmoja. Sikubishana na mwanamke aliyenijia na ukweli. Nimekubali.

Sasa usinune. Ulisema watoto wapewe somo, wanapewa, na mtu anayejua kitu anachokisema. Sitaingia na bunduki, sheria hairuhusu, nimepewa mapicha. Kindi nitamvumilia. Nitawafundisha kwamba kila bunduki ina risasi hadi uhakikishe, na kwamba mdomo wa bunduki hauelekezwi kwa mtu hata kwa mzaha. Nitawaonyesha fulana. Watafurahi, nitapigiwa makofi, na wewe utakuwa mlangoni unaona jinsi kazi inavyofanywa.

Josie yumo darasani. Ulimzuia asije kwangu, basi mimi namfuata kwako. Tuone utamficha wapi.

Baba yako, mwalimu


Ijumaa, 17 Oktoba

Shikamoo Baba,

Sisi wazima.

Njoo. Ni Alhamisi ijayo baada ya chakula cha mchana. Sitakuwa mlangoni, nimeagizwa nikae chumba cha walimu, na Bi Hatcher ndiye atakayekaa na darasa. Vaa sweta, darasa lile lina baridi.

Naomba kitu kimoja. Watoto hawa wanauliza maswali. Ukiulizwa, jibu. Usiwaambie wakachukue biskuti.

Mwanao,
Darla


Jumapili, 2 Novemba

Baba, shikamoo.

Hujaandika. Kanisani Jumatano hukuja, wala leo. Lonnie anasema barua zako unazichukua, kwa hiyo uko hai. Moshi wako nauona asubuhi. Nimepita na gari mara mbili nikaona taa, sikusimama, kwa sababu Josie alikuwa ndani na maneno yangu ni yale yale.

Nimemwuliza Josie somo lilikwendaje. Amesema, "Babu alifundisha vizuri, halafu akatoka." Amekataa kuongeza, na unajua huyu mtoto akikataa. Bi Hatcher naye haniambii kitu, ananikwepa hata kwenye mashine ya kahawa. Na wazazi wawili wamenitazama vibaya dukani kuliko mwanzo.

Umefanya nini, Baba? Kama ni mgonjwa niambie, nitakuja peke yangu na supu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Mwanao,
Darla


Jumapili, 9 Novemba

Darla mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, usilete supu. Nimekaa na barua hii meza moja siku nyingi, na bado sijui kama nitaipeleka kwenye sanduku.

Niliingia darasani na fulana yangu na kofia. Watoto wamekaa kwenye zulia, Josie mbele kabisa, ananipungia mkono kwa vidole viwili kwa siri kama tusiojuana. Nilifundisha. Nisijisifu, lakini nilifundisha. Walinyamaza wote, hata yule mtoto wa Dwight, Braxton, ambaye kanisani hakai dakika. Wakaniimbia maneno manne ya kindi, na mimi nikaimba nao. Mungu anisamehe.

Halafu nikawauliza nani kwao kuna bunduki. Swali langu la siku zote, hata wakubwa nawauliza, ndipo unapojua unaongea na nani. Mikono ikapanda karibu yote. Braxton hakunyoosha. Nikajua ni utundu tu, maana nyumba ya Dwight ina bunduki kuliko vijiko. Nikamwuliza, vipi wewe? Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba za baba yake zimefungiwa, yeye anayoweza kuifikia ni ya jikoni tu, na ya jikoni haihesabiwi.

Watoto hawakucheka, Darla. Waliitikia kwa vichwa. Mikono miwili mitatu ikashuka, kwa sababu na wao walikuwa wamehesabu vibaya.

Maneno ni yangu. Sijui Braxton kayapata kwa Dwight au kwangu mwenyewe dukani, lakini ni yangu, na nilikuwa nimekuandikia wewe si muda mrefu uliopita. Yalipotoka kwenye mdomo wa mtoto ambaye meno ya mbele hayajaota tena, yalikuwa ya kijinga. Sina neno lingine.

Nikataka kuendelea na mapicha. Josie akanyoosha mkono. Nikajifanya sioni. Akanyoosha na wa pili. Bi Hatcher akasema, "Bwana Stiltner, una swali pale mbele." Nikampa nafasi. Akasimama, akafunga mikono nyuma kama mnavyowafundisha, akaniuliza:

"Babu, mimi nilisimama, sikugusa, nikaondoka, nikamwambia mtu mzima. Mtu mzima ni wewe. Sasa mimi nifanye nini tena?"

Hakuuliza kwa jeuri. Ingekuwa jeuri ningejua la kufanya. Alitaka kujua kweli, kama vile ameruka neno moja la wimbo na ninalo mimi.

Nimefundisha vijana wakubwa kuliko mimi kimo. Nimewahi kumnyang'anya bunduki mtu mlevi kwenye kambi ya uwindaji. Pale mbele ya zulia nilisimama na picha ya kindi mkononi, nikaipindua kana kwamba jibu limeandikwa nyuma. Bi Hatcher akaanza kuniokoa, akasema swali zuri na muda umekwisha. Nikamwambia muda haujaisha. Nikamwambia Josie hivi: "Wewe huna la kufanya tena. Umemaliza. Aliyebaki ni mimi, na mimi sijafanya." Nikawaambia wote. Nikawaambia ya jikoni inahesabiwa, na aliyewaambia haihesabiwi alikosea, na waende wakaseme nyumbani kwamba Vernon Stiltner ndiye aliyesema. Halafu nikatoka, nikakaa kwenye pikapu mpaka basi la shule likapita.

Basi wamesema nyumbani. Wote. Ulitaka kujua kwa nini wanakutazama vibaya, ndiyo hiyo. Bi Hatcher ameniandikia kunishukuru na kuniambia huduma yangu haihitajiki tena. Kwa hiyo tumefukuzwa wote wawili kwa kosa moja, na mimi sikupewa hata nafasi ya kukataa kusaini.

Dwight ndiye mbaya zaidi. Kanikuta dukani mbele ya wenzetu, akasema nimemgeuza mwanawe dhidi yake. Nikamwambia mwanawe hajageuka, amehesabu. Akaniambia nimezeeka, binti yangu ananiendesha kama trekta. Nikamwambia hakuna mtu anayeniendesha, na kama anaona bunduki yake ya jikoni ni ufagio, basi ampe Braxton afagilie. Akabeba gunia lake akatoka. Wenzetu wakamfuata. Jana nikasikia chai ya asubuhi ya ufunguzi, iliyonywewa jikoni kwangu tangu mama yako akiwa bibi harusi, imehamishiwa kwa Dwight. Hawakunialika.

Usifurahi bado. Bunduki iko palepale. Sijaifunga. Kila asubuhi nachukua ufunguo, naangalia malisho, ng'ombe wawili wako karibu kuzaa, naurudisha ufunguo. Kusema mbele ya watoto ilikuwa rahisi. Usinisukume.

Baba yako


Jumanne, 11 Novemba

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha walimu wakati wa chakula. Mwalimu wa muziki akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, baba yangu amenifurahisha.

Kwanza, kuhusu Dwight na chai yake. Mikate yake ni migumu kama mawe ya kijito na rojo yake ni maji. Watarudi. Na wasiporudi, wewe kunywa yako ukiwa umenyoosha mgongo.

Pili, bodi ilikaa jana jioni. Waliniwekea mbele karatasi ile ile ya kusaini, na mwenyekiti akasema ni mstari mmoja tu, ya nini kujiletea taabu. Nikasema kama ni mstari mmoja tu, waufute. Nikawasimulia swali la Josie. Sikutaja jina lako, lakini ukumbi wote ulikuwa unalijua, maana watoto wao wamelipeleka nyumbani. Hawakufikia uamuzi. Mkataba wangu utajadiliwa Januari. Sina hofu. Nina hofu kidogo, lakini siwaonyeshi.

Mama mmoja alinifuata gizani kwenye maegesho. Nikadhani anakuja kunitukana. Akaniuliza kufuli la aina hiyo linauzwa wapi, na nisimwambie mume wake kwamba ameuliza.

Tatu. Umesema nisikusukume, sikusukumi. Najua mbweha si hadithi. Najua ndama ni nini kwako. Lakini na wewe unajua neno langu, na silibadilishi kwa sababu umenitoa machozi. Ulichosema darasani kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kukusikia ukisema. Josie lakini haingii ndani ya maneno, Baba. Anaingia jikoni.

Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ameacha kuuliza kuhusu maombi. Sasa anauliza kama babu amemaliza.

Mwanao akupendaye,
Darla


Jumatano, 19 Novemba

Darla,

Salamu zangu kwa nyumba nzima. Mimi mzima. Barua hii fupi kwa sababu mikono imechoka, nimetoka kuchimba.

Ijumaa niliifunga. Sikufanya sherehe. Niliitoa risasi, nikaiweka na wenzake, risasi nikazipeleka mahali pengine, nikafunga. Mlango wa jikoni sasa unafunguka hadi mwisho na unagonga ukuta. Nilikuwa nimesahau kwamba unaweza.

Sikukuandikia siku ile. Nilitaka kwanza nione kama nitaweza kulala. Nililala.

Jana mchana ng'ombe mwekundu amezaa kule chini karibu na uzio. Nilikuwa nakunywa kahawa dirishani nikawaona mbweha watatu, mchana kweupe, wanatembea bila haraka. Zamani ningefika ngazini kabla kikombe hakijatua mezani. Nilikimbilia chumbani, Darla. Ufunguo nikauangusha. Goti likakataa kuinama, nikaupapasa kwa mguu. Nilipotoka nje na bunduki na risasi mkononi walikuwa wameshamvuta ndama hadi kwenye miti. Nikapiga hewani kwa hasira tu. Ng'ombe amelia usiku kucha, na leo anazunguka pale pale ananusa.

Nilijua itakuwa hivyo. Nilikuandikia itakuwa hivyo. Ninataka ukubali kwamba nilisema kweli, kwa sababu nimechoka na watu wanaodhani kufunga bunduki hakuna gharama. Ina gharama. Nimeizika leo asubuhi, kilichobaki cha ndama.

Dwight amesikia, hapa kila mtu anasikia. Amekuja na pikapu hadi kwenye uzio, hakushuka, akaniambia sasa anadhani nimejifunza, niirudishe bunduki mahali pake mlangoni. Nikamtazama. Nilikuwa na koleo mkononi na tope hadi magotini, na nilikuwa na hasira ya kutosha wilaya nzima. Nikamwambia, "Dwight, yule alikuwa ndama. Hakuwa Braxton." Akatia gia, akaondoka. Sijui ameelewa. Si kazi yangu aelewe. Yangu nimefanya.

Sijabadilika, usije ukawatangazia watu. Sheria yao naiona ni ya watu wanaopenda kuonekana wamefanya kitu. Kindi nitamla nikimpata. Hakuna serikali iliyonifungisha kabati, wala bodi, wala wewe na barua zako za kiburi ambazo sijui umerithi kwa nani. Bunduki inabaki imefungwa na ng'ombe wa pili yuko karibu kuzaa, nitalala zizini naye kama ni lazima, na blanketi na tochi, na mbweha waje wanikute.

Ufunguzi ni Jumamosi. Mlete alfajiri, avae soksi mbili. Chai nitapika ya watu wengi hata kama tutakuwa watatu. Akifika aingie jikoni mwenyewe kwanza, sisi tusubiri nje, aangalie anachotaka kuangalia na achukue muda wake.

Na usiniulize ufunguo nimeuficha wapi. Hata wewe sikwambii.

Baba yako